Mdogo wangu amesema "nitafutie pahali". Nichague kituo gani cha kutibu uraibu?

Shikamoo Mama Tumaini,

Nakuandikia kutoka Lexington, Kentucky. Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kongo, tumekulia kambini Nyarugusu, Tanzania, na mwaka 2016 tukaletwa huku: mama, mimi na wadogo zangu wanne. Ninayekuandikia habari zake ni yule anayenifuata. Ana miaka 27.

Alikuwa anapakia mizigo ghalani, zamu ya usiku. Miaka mitatu iliyopita mgongo ukamkamata, daktari akampa vidonge vya maumivu. Vilipokwisha, mwenzake wa kazini akampa vingine, vya bluu. Mwenzake huyo anakaa kwenye apatimenti hizi hizi tunazokaa sisi, ngazi ya pili. Mimi nilidhani bado ni mgongo. Pesa zilianza kupotea nikadhani ni wasichana. Mwezi wa tatu nikamkuta bafuni, midomo imekuwa rangi ya majivu, anakoroma kama mtu anayezama. Watu wa ambulensi wakampulizia kitu puani, akaamka akilia na kututukana.

Kazi wamemwachisha. Ana kadi ya Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo. Mimi na mama tumeshaapa uraia, yeye bado ana grinkadi tu, kibali cha ukaazi wa kudumu.

Wazee wa jumuiya wamekaa kikao. Wengine wanasema tumrudishe Tanzania akakae kwa baba mdogo, huko hakuna vidonge hivyo. Kanisani tumefunga siku saba. Mama hamlaumu, ila halali usiku, anakwenda kusikiliza mlangoni kama anapumua. Wiki iliyopita yeye mwenyewe akaniambia neno ambalo hajawahi kulisema: "Dada, nimechoka. Nitafutie pahali."

Ndipo nikaanza kutafuta, na ndipo nilipopotea. Kwenye simu kila kituo kinasema ndicho bora Kentucky nzima. Nimebaki na vinne. Cha kwanza kiko nje ya mji, kina farasi na bwawa la kuogelea, siku 30, wanataka dola 9,000 mkononi na Medicaid hawapokei. Cha pili ni shamba la watu wa kanisa, ni bure, mwaka mzima, wanafanya kazi na kusali. Hawaruhusu dawa yoyote hata ya daktari, na siku 60 za kwanza hatutazungumza naye. Cha tatu ni kliniki ya methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya vidonge hivyo, ni ya mabasi mawili kutoka kwetu, haina kitanda, mtu anakunywa dawa na kurudi nyumbani. Pasta amesema huko ni kubadilisha dawa kwa dawa. Cha nne sikukitafuta, kilinitafuta: mwanamume alipiga simu, mpole sana, akasema watamlipia tiketi ya ndege aende jimbo jingine lenye jua, kila kitu bure, aondoke Ijumaa.

Kiingereza changu ni cha kazini. Barua za bima anatusomea mwanangu wa miaka 12. Nisaidie kuchagua, Mama. Naogopa kukosea.

Dada mkubwa, Lexington

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya kituo chochote, leo hii nenda duka la dawa ununue naloksoni, ile waliyompulizia puani. Jina lake dukani ni Narcan, na tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari. Idara ya afya ya kaunti na mashirika mengi huigawa bure, kwa hiyo uliza huko kwanza kama pesa ni ngumu. Weka moja bafuni, moja kwenye mkoba wako, na umfundishe mama. Ukimkuta hali ile tena: piga 911, puliza pua moja, mpulizie pumzi mdomoni, na kama dakika mbili tatu zimepita bila kuamka, puliza ya pili. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Akiamka msimwache aende zake, maana naloksoni huisha nguvu kabla ya fentanili, ile afyuni kali ya maabara, kuisha mwilini, naye anaweza kuzama tena saa hiyo hiyo. Wala msiogope kupiga simu kwa sababu ya polisi. Kentucky ina sheria tangu 2015 inayomlinda anayeita msaada, pamoja na mgonjwa mwenyewe, wasishtakiwe kwa dawa zilizokutwa pale. Nimeanza na hili kwa sababu tiba inamhitaji mtu aliye hai, na vidonge vya bluu vya mitaani siku hizi mara nyingi havina kingine ndani ila fentanili.

Sasa nikueleze nasimama wapi. Mimi ni mkalimani wa hospitali hapa Louisville, mwaka wa tisa huu. Nimekaa kwenye vyumba vile vya usajili na vijana wetu wengi, wa Fizi, wa Uvira, wa Bujumbura, wa Mombasa, na kitu kinachonitesa kuliko vyote ni neno moja la lugha yetu. Muuguzi anauliza kwa Kiingereza kama kijana anatumia zile za mtaani. Mkalimani wa kwenye simu, asiye makini, anatafsiri: "Unatumia dawa?" Kijana anajibu: "Ndiyo, za mgongo." Muuguzi anaandika anavyojua. Kiswahili kimevika nguo moja kitu kinachoponya na kitu kinachoua, vyote vinaitwa dawa. Kwa hiyo pasta wako aliposema methadoni ni kubadilisha dawa kwa dawa, masikio yetu yalikubali upesi kwa sababu neno lenyewe limeshamsaidia. Mwenye kisukari anayejichoma insulini kila asubuhi hakuna anayemwambia amebadilisha ugonjwa kwa sindano.

Mji unaokaa una historia yake katika jambo hili, na wenyeji wengi hawaijui. Pale barabara ya Leestown, penye gereza la serikali kuu lenye hospitali, ndipo Marekani ilipofungua mwaka 1935 hospitali yake ya kwanza ya serikali ya kutibu waraibu. Waliita shamba, na kweli lilikuwa shamba: ng'ombe, mboga, karakana, hewa safi, wafungwa pamoja na watu waliokuja kwa hiari yao. Liliendelea hadi miaka ya 1970. Watu walitulia wakiwa ndani. Walipofuatiliwa baada ya kutoka, wengi mno walikuwa wamerudia. Daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi pale, Marie Nyswander, aliondoka akiwa hajaridhika, na mwaka 1964 huko New York yeye na Vincent Dole wakaanza kuwapa waraibu wa heroini methadoni kila siku. Ndiyo hiyo unayoiona kliniki ya mabasi mawili. Kwa hiyo mtu akikuambia kinachohitajika ni shamba na hewa safi, Lexington ilishalijaribu hilo kwa miongo minne.

Nikuambie ninavyofikiri waziwazi. Kwa mtu aliyenaswa na fentanili, swali la kwanza kwa kituo chochote ni kama atapewa dawa, na kama ataendelea nayo akitoka. Dawa zenyewe ni methadoni na buprenofini. Hizi mbili zimechunguzwa kwa miaka mingi, na zinapunguza vifo kwa karibu nusu kwa wanaozishikilia. Methadoni hutolewa kliniki maalumu tu, mwanzoni kila siku, na akitulia hupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Buprenofini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Suboxone, siku hizi daktari wa kawaida anaweza kuiandika, kwa sababu kibali cha pekee kilichokuwa kinadaiwa kiliondolewa mwisho wa 2022. Ila hataianza akiwa bado amelewa. Atasubiri mpaka mwili uanze kudai, ile hali ambayo watu wa Dar huiita arosto, la sivyo buprenofini yenyewe itamtia kwenye arosto kali ya ghafla. Ipo ya tatu, naltreksoni, sindano ya kila mwezi, lakini hiyo inataka awe ameshamaliza siku saba mpaka kumi bila chochote, na wengi hawafiki hapo.

Kwa nini nashikilia hili? Kwa sababu ya siku ya kutoka. Mtu akikaa siku 30 bila kutumia, mwili unasahau. Dozi aliyoizoea zamani sasa inamuua. Anatoka amenenepa, amenyoa, familia imechinja mbuzi, na Jumamosi anakutana na yule rafiki wa ngazi ya pili. Mazishi ya vijana wetu mawili niliyohudhuria yalikuwa ya watu waliotoka vituoni wiki chache tu kabla. Hawakufa kwa sababu walikuwa wabaya kuliko wengine. Walitoka wakiwa safi na mikono mitupu.

Basi nichukue vinne vyako.

Yule mpole wa tiketi ya ndege, mwambie hapana na usipokee tena simu yake. Hakuna mtu anayempa mgeni tiketi bure. Kuna watu wanaolipwa kwa kila kichwa wanachopeleka, na sheria ya serikali kuu ya 2018 inakataza hilo. Mwezi Mei 2023 gavana wa Arizona, Katie Hobbs, alitangaza operesheni dhidi ya nyumba za tiba za uongo zinazokusanya watu namna hiyo. Watu, wengi wao Wenyeji wa asili wa Amerika, walichukuliwa kwa magari toka kwenye ardhi zao, bima ya serikali ikatozwa kwa tiba ambayo haikutolewa, na malipo yalipositishwa wengine wakatupwa barabarani Phoenix, mbali na kwao. Mbali na hayo, Medicaid ya Kentucky kwa kawaida haivuki mpaka wa jimbo. Fikiria mdogo wako Ijumaa ile yuko uwanja wa ndege asioujua, hana Kiingereza, hana bima, na simu yake wameishika wao.

Kile cha farasi na bwawa sikisemi vibaya, sikijui. Ila dola 9,000 msikope. Nimeona familia ikichangisha kanisa zima, ikauza gari, kwa siku 30, na siku ya 31 hapakuwa na hata miadi ya daktari. Farasi hawaponyi arosto. Ilhali mnayo Medicaid, na Kentucky imeifungulia watu wengi tangu 2014, na tangu 2019 inalipa hata methadoni. Kituo kinachokataa kadi yenu hakiwezi kuwa cha kwanza kwenye orodha yenu.

Shamba la kanisa. Hapa nataka uende nami polepole, kwa sababu najua moyo wa mama uko huko, na mimi mwenyewe ni mtu wa kusali. Wapo watu waliopona mahali kama pale, wanashuhudia kila Jumapili, na siwakanushi. Mwaka mzima mbali na yule rafiki ni kitu kikubwa. Lakini wanaomkataza dawa ya daktari wanamrudisha kwenye lile shamba la 1935, na siku 60 bila kumsikia ni ndefu mno kwa familia ambayo juzi tu ilimwokota bafuni. Nenda uwaulize kwa heshima: mnaye muuguzi usiku? Mtu akiharisha na kutapika siku tatu, nani anampima? Akiamua kuondoka siku ya 40, mnatupigia simu au mnamfungulia geti tu? Wakikubali aje akiwa na dawa yake, panaweza kuwa mahali pazuri. Wakikataa, pasubiri. Pasta anaweza kumwombea kwenye kituo cha basi.

Kliniki ya methadoni ndiyo ningeanzia. Najua haipendezi. Nimesimama kwenye foleni zake alfajiri na wagonjwa wangu: taa za buluu, watu wamejifunika kofia, hakuna anayemtazama mwenzake. Hakuna farasi. Lakini iko karibu, Medicaid yenu inalipa methadoni, na kliniki inaweza kumwanzishia mapema bila kusubiri kitanda. Na ninyi mtamwona kila jioni. Kama mabasi mawili kila alfajiri yatamshinda, uliza daktari wa buprenofini aliye karibu na kwenu. Kliniki nyingi za afya za jamii, zile zile mlizopelekwa kuchomwa chanjo mlipofika, wanaiandika.

Lakini umeniambia jambo moja ambalo linabadilisha hesabu: yule aliyempa vidonge anakaa ngazi ya pili. Kliniki itampa dawa na kumrudisha kwenye ngazi hizo hizo. Kwa hiyo usichague kati ya dawa na kitanda. Tafuta kitanda kinachokubali dawa. Vipo Kentucky, vinavyopokea Medicaid, wiki tatu, nne, hata zaidi, na akitoka aende nyumba ya wanaoendelea kupona, si kwenu kwanza. Nyumba hizo nazo zimo za kila aina. Kuna ambazo ni vitanda kumi na mwenye nyumba mchoyo. Sheria ya Kentucky ya 2023 imeweka utaratibu wa kuzithibitisha, basi uliza cheti. Na kama kitanda hakipo wiki hii, aanze kliniki hivyo hivyo, alale kwa shangazi au kwa muumini yeyote wa ng'ambo nyingine ya mji. Asisubiri.

Namna ya kutafuta: acha kuandika kwenye simu "kituo bora". Vinavyotokea juu mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na anayepokea simu anaweza kuwa jimbo jingine kabisa akigawa wagonjwa kama abiria. Fungua FindHelpNowKY.org. Imetengenezwa na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Kentucky, hapo hapo mjini kwenu, tangu 2018, na inaonyesha ni kituo gani kina nafasi sasa hivi. Unachagua aina ya tiba, bima na umbali. Kama kuandika ni kazi, piga 1-833-859-4357, ni simu ya jimbo, bure. Wasomaji wangu walio Ohio, Texas, Iowa au Maine, nyinyi tumieni FindTreatment.gov, ambayo ni ya nchi nzima, au 1-800-662-4357, usiku na mchana.

Na ukipiga popote, neno lako la kwanza liwe: "Swahili interpreter, please." Kisha nyamaza usubiri, hata wakikuweka dakika kumi. Hospitali au kliniki inayopokea pesa ya serikali kuu inatakiwa na sheria, tangu ile ya haki za raia ya 1964, imhudumie mtu kwa lugha anayoielewa, na mkalimani hulipi wewe. Mwanao wa miaka 12 mwache ashike vitabu vyake vya shule. Asiwe yeye wa kumtafsiria mjomba wake kwamba alikaribia kufa, na sheria yenyewe haitaki mtoto atumiwe hivyo isipokuwa dharura. Mkalimani akiwa wa Nairobi au wa Unguja na mama haelewi, semeni arudie taratibu. Mkiona "dawa" linawachanganya, semeni "vidonge vya mtaani" na "dawa ya hospitali", mtaona mazungumzo yanavyonyooka.

Maswali ya kuuliza yako kwenye vichwa vya watu kwa makumi. Mimi huwashauri wagonjwa wangu waulize machache na wasikilize namna yanavyojibiwa. Mnatoa methadoni au buprenofini hapa ndani, na mtamwendeleza nayo akitoka? Jibu la "tunaisaidia miili ijisafishe kwanza" ni hapana iliyovaa suti. Leseni yenu ya jimbo ni ya aina gani? Anayeifanyia kazi kihalali atakutajia bila hasira, na unaweza kuihakiki kwa Cabinet for Health and Family Services, yaani wizara ya afya ya jimbo. Nani ni daktari, na anakuja siku ngapi kwa wiki? Mahali pengine daktari ni picha ukutani. Akirudia kutumia akiwa kwenu, mnafanya nini? Hili nalipenda kuliko yote. Kituo kinachomfukuza mgonjwa kwa kuonyesha dalili ya ugonjwa uliomleta, sikiamini. Na siku ya kutoka, anakabidhiwa kwa nani, tarehe gani, saa ngapi? Nataka jina na saa. "Tutampa orodha ya namba" ni karatasi tu. Vyeti vya Joint Commission au CARF, mashirika yanayokagua ubora wa vituo, ni dalili njema ya usafi na utaratibu, viulize pia, lakini havijibu hayo niliyotaja.

Uliza vilevile kama anakunywa pombe kila siku. Hujaandika, lakini vijana wengi huchanganya. Arosto ya vidonge ni mateso makubwa, ila ya pombe inaweza kumtia kifafa na kumuua, na huyo asiiache ghafla nyumbani, aanzie hospitali.

Kuna jambo la grinkadi, nalo usilichukulie kirahisi. Tiba yenyewe isimtishe: kumbukumbu za wagonjwa wa uraibu zina ulinzi wake wa kisheria, mkali kuliko wa kumbukumbu nyingine za hospitali, na kituo hakiruhusiwi kumwambia mwajiri wala polisi kiholela. Hatari iko mahakamani. Siku akikamatwa na kidonge, na mwanasheria wa zamu akamwambia "kubali kosa, utatoka leo", kwa mtu asiye raia kukubali huko kunaweza kumfukuzisha nchini. Kesi iliyofundisha Marekani nzima jambo hili ilitoka hapa hapa: Padilla dhidi ya Kentucky, 2010. Dereva wa lori, mzaliwa wa Honduras, mkazi halali kwa miaka mingi, aliyepigana Vietnam akiwa jeshi la Marekani, aliambiwa na wakili wake asijali kuhusu uhamiaji. Alikubali kosa la bangi, akajikuta anakabiliwa na kufukuzwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Kwa hiyo mdogo wako asitie sahihi karatasi yoyote ya mahakama kabla ya kuona wakili wa uhamiaji. Shirika lililowapokea mlipofika litakuelekeza.

Utasikia pia watu wakitaja Casey's Law. Ni sheria ya Kentucky ya 2004, imepewa jina la kijana aliyekufa kwa heroini, na inamruhusu ndugu kwenda mahakamani kuomba mtu alazimishwe kutibiwa hata kama hajatenda kosa. Anayeomba ndiye anayesaini kubeba gharama. Ijue ipo. Lakini wewe huihitaji sasa, mdogo wako amekuomba mwenyewe. Kumburuta mtu aliyekwisha kukunyooshea mkono kutamvunja.

Kuhusu kumrudisha Tanzania: wazee wanasema kwa upendo, nami nawaheshimu. Waambie kwanza, akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea anaweza kuipoteza ile grinkadi. Pili, kusema huko hakuna ni kujidanganya. Dar es Salaam na Tanga familia zinalia na heroini miaka mingi, na ndiyo maana hospitali ya Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011. Nilishamwambia mzee mmoja wa jumuiya hilo, akanyamaza muda, akasema: "Basi kumbe hata nyumbani wanatibu hivyo hivyo." Alikuwa amedhani ni mambo ya wazungu. Mwambie na pasta wako, kwa upole. Mwalike aende na mdogo wako asubuhi ya kwanza kliniki, akae naye kwenye kiti cha plastiki. Kwa jinsi ninavyowajua wachungaji wetu, ataona watu pale na hatasema tena lile neno.

Mama naye. Mpe kazi, asibaki mlangoni anasikiliza pumzi. Yeye ndiye awe mtunza naloksoni. Yapo makundi ya jamaa za waraibu, na mengi ni ya Kiingereza, lakini wamama wa Kibembe wawili watatu wakikaa jikoni na kusema wazi kilichowapata watoto wao, hilo nalo ni kundi. Najua aibu. Kentucky walikufa watu 1,984 kwa kuzidiwa na dozi mwaka 2023, na 1,410 mwaka 2024. Idadi imeshuka, na kila nyumba kati ya hizo ilidhani ni yake peke yake.

Neno "nimechoka" halikai siku nyingi kwenye mdomo wa mraibu. Kwa hiyo kesho asubuhi, akiwa amekaa pembeni yako na kadi yake ya Medicaid mkononi, piga ile 833 na uombe mkalimani. Sema: methadoni au buprenofini wiki hii, kitanda kinachoikubali kama kipo, kaunti yenu ya Fayette. Andika jina la kila aliyepokea simu na saa mliyozungumza. Hakikisheni kadi haijakwisha muda, maana hufanywa upya, na barua za kynect, ofisi ya jimbo inayosajili watu Medicaid, zinapotea. Zipelekeni kwa lile shirika lililowapokea, wawasomee. Ukipewa tarehe ya mbali, chukua, halafu piga kwingine. Kisha niandikie wamekuambia nini, niko hapa.

Mama Tumaini